Ndia Kuu

Wahenga walinena kuwa mtu ni watu. Nami huongeza kuwa mji nao ni watu, na watu hutambulikana kwa lugha yao. Ndiyo maana niutafakaripo Mji wa Kale wa Mombasa, nilikozaliwa, fikira zangu haziendi kwenye mawe tu, bali kwenye maneno pia.

Mgeni atokapo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, huingia barabara iitwayo Ndia Kuu. Huenda akadhani jina hilo limekosewa. La hasha! Katika Kimvita, lahaja ya kisiwa hiki, njia ni ndia, nchi ni nti, macho ni mato na njoo ni ndoo. Nilipokuwa shule ya msingi, neno ndia katika insha yangu lilipigiwa mstari mwekundu likahesabiwa kosa. Nyanya alipouona mstari ule aliniuliza, "Kwani sisi sote twakosea, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu.

Jibu nililipata chuoni, katika historia. Kwa karne nyingi majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi, yakatia nanga Bandari ya Kale, kisha yakarejea na kusi. Biashara hiyo iliineemesha Mvita, na katika mitaa yake Muyaka bin Haji, malenga wa karne ya 19, alitunga mashairi juu ya vita, mapenzi na maisha ya kila siku. Reli ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, na meli kubwa zikahitaji maji ya kina, shughuli zilihamia hatua kwa hatua upande wa pili wa kisiwa, Kilindini. Kisha, mwaka wa 1928, mkutano wa kuchagua lahaja ya kusanifishwa ulifanyika papa hapa Mombasa, na iliyochaguliwa ikawa Kiunguja. Hivyo mji uliopungukiwa na bandari ukakosa pia nafasi ya lahaja yake vitabuni.

Sikilaumu Kiswahili sanifu. Ndicho ninachoandikia, na ndicho kinachoniwezesha kusomwa Kigoma na Bukavu. Ninalolalamikia ni kuiita lahaja mama kosa. Wanaodhani Kimvita hakiwezi kubeba mambo mazito na waisome Sauti ya Dhiki, diwani ya mwaka wa 1973, ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa gerezani.

Tangu miaka ya 1990 Mji wa Kale unalindwa kisheria: mwenye nyumba hawezi kuing'oa roshani au mlango wa nakshi apendavyo. Ngome nayo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Hata hivyo, hakuna sheria inayoyalinda mazungumzo ya barazani, chini ya roshani hizo. Mlango ukioza, seremala huchonga mwingine kwa kuufuatisha wa kwanza. Neno lisiloandikwa halina cha kufuatisha.

Kazi hiyo, wanachama wenzangu, ni yetu. Kila mmoja wetu arudipo nyumbani likizoni, awe wa Mvita, Pate au Vumba, na aketi na wazee, awasikilize na kuyaandika maneno yao kama wayatamkavyo, bila mstari mwekundu.