Feni ya Pikapu ya Jirani



Mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda na Mto Rusizi kufurika, sisi wa Kajaga tulikuwa na kazi ya kuhamisha vyombo vya watu. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, alituazima pikapu yake. Hakuuliza tutairudisha lini.

Siku ya tatu, kwenye barabara ya Gatumba, tukiwa na shehena ya magodoro, mshale wa joto ukawa unapanda kila tukisimama na kushuka kila tukienda. Hiyo ni dalili ya feni: gari likienda, upepo hupita wenyewe kwenye rejeta, likisimama, feni ndiyo inayouvuta. Mara tukasikia kishindo. Panga moja la feni lilikuwa limekatika. Alhamdulillah, rejeta haikutoboka.

Tuliivuta kwa kamba hadi nyumbani. Usiku ule kijana wetu akasema tubadilishe feni kimya kimya, mzee hatajua. Kweli, asingejua. Tukakumbushana habari ya Safwan bin Umayya: Mtume (s.a.w.) aliazima deraa kwake kabla ya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria, akakubali dhamana yake. Baadhi zilipopotea alitaka kumlipa. Safwan ndiye aliyekataa. Basi tukaafikiana: tutengeneze, kisha tumwendee mzee na feni mbovu mkononi.

Asubuhi injini ilikuwa imepoa kabisa. (Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa moto, na watoto wakae mbali.) Tukachomoa waya hasi wa betri, tukatoa kava la feni. Zile nati nne zinazoishika klachi ya feni kwenye puli ya pampu ya maji tulizilegeza kabla ya kugusa mkanda, kwa sababu mkanda uliokazwa ndio unaozuia puli isizunguke pamoja na spana. Feni na klachi yake vikatoka pamoja.

Tukapanda basi hadi Buyenzi kwa mafundi na wauza vipuri, feni ya zamani ikiwa ndani ya mfuko wa mchele, maana feni hainunuliwi kwa kukisia. Muuzaji alilinganisha idadi ya mapanga, upana na matundu ya bolti.

Tukarudi, tukaifunga kinyume! Mshale ukapanda tena. Binti yetu akashika karatasi mbele ya grili, haikuvutwa. Tukafungua kila kitu upya, tukaigeuza, na safari hii karatasi ikanasa kwenye grili. Watoto walishangilia kuliko siku ya Idi. Adhana ya Magharibi ilitukuta tukisugua grisi mikononi kwa sabuni na mchanga.

Baada ya Isha tukabisha hodi kwa mzee, tukamweleza yote. Akaichukua ile feni, akaisogeza kwenye taa. Nusu ya mkato ilikuwa imeshika mafuta na vumbi la zamani, nusu ilikuwa mpya.

"Ufa huu niliuona tangu Ramadhani," akasema. "Mimi ndiye niliyepaswa kuwaambia."

Akatia mkono mfukoni. Tukakataa. Naye akakataa kukataliwa. Mkewe akaleta chai, na zile fedha zikabaki juu ya meza baina yetu.