Habari ya Saa Saba, Mlima Kitonga

Baba mkwe hakuwa na masharti mengi siku tuliyomrudisha Iringa baada ya miezi miwili ya matibabu Dar es Salaam. Alitaka kukaa mbele, na alitaka kusikia taarifa ya habari ya saa saba mchana. La kwanza lilikuwa rahisi.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri, mume wangu kwenye usukani, mimi na watoto nyuma. Gari letu limetoka Japani, na kule redio za FM zilipangwa kuanzia 76 hadi 90. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana mafundi hufunga kile kidude kwenye waya wa antena ili kushusha masafa: kikishusha kwa 12, stesheni ya 98 unaikuta kwenye 86. Babu, mwenye namba za stesheni zote kichwani, alipoona 86 alikunja uso. "Hii redio inasema uongo," akasema.

Baada ya Chalinze ikaanza mikwaruzo. Tukakilaumu kidude, tukamlaumu na fundi, mpaka mwanangu wa kwanza alipochomoa chaji ya simu na sauti ikatulia palepale. Chaji hizi za bei rahisi hukata na kuunganisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kelele hiyo huruka hadi kwenye antena. Mzazi mwenzangu, kabla hujamlipa fundi, chomoa kwanza kila kilichochomekwa. Ukisikia mlio unaopanda kila ukikanyaga mafuta, huo ni wa alteneta, hapo sasa nenda kwa fundi umeme. Na tazama antena yenyewe kama ipo. Yetu watoto walishawahi kuipinda wakicheza vita.

Tulipoiacha Morogoro na milima ya Uluguru, stesheni za Dar zilikuwa zimeshapotea. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja, karibu kama mwanga wa tochi. Mlima ukikaa katikati, uko gizani. Babu hakukubali. Redio yake ya zamani, alisema, ilishika hata bondeni. Ni kweli, ila ile ilikuwa ya masafa ya kati, ambayo hufuata mgongo wa ardhi na usiku hurudishwa chini na anga la juu. Mikumi tulipita na mvumo mtupu. Watoto waliona twiga na tembo, wakasahau redio. Babu hakusahau.

Tulifika chini ya Kitonga ikiwa imebaki kama dakika tano kufika saa saba. Anayeijua barabara ile anajua: ukuta wa mlima upande mmoja, korongo upande mwingine, malori yanapanda kwa kukoroma na mengine yanashuka. Redio nayo ikachanganyikiwa. Kona hii kwaya, kona inayofuata bongo fleva, kwenye namba ileile. Stesheni mbili zikitumia masafa mamoja, redio ya FM hushika yenye nguvu zaidi na kuimeza nyingine, na mlimani nguvu hubadilika kila baada ya mita chache.

Mume wangu akaanza kutafuta, mkono mmoja kwenye redio, jicho moja kwenye namba. Alitaka sana kumfurahisha baba yake. Lori likatokea kwenye kona, limekula upande wetu. Akakata usukani, tairi zikagusa changarawe, mdogo akapiga kelele.

Babu akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Shika usukani kwa mikono miwili, mwanangu. Nimetoka hospitali, sitaki kurudi."

Hakuna aliyesema neno mpaka juu. Hapo palikuwa na sehemu pana ya kuegesha. Mume wangu akazima injini, akaivuta antena hadi mwisho, akawasha redio. Tulikuwa juu, mbele yetu peupe kuelekea Iringa, na sauti ikaja safi kana kwamba mtangazaji amekaa nasi. Habari zenyewe zilikuwa zimekwisha, wako kwenye michezo.

Tukataka kuondoka. Babu akainua kidole.

"Bado hali ya hewa," akasema. "Nina mahindi kule."