Vitabu Viende Nyumbani

Sisi walimu wa kujitolea tuliotoka kambini tunafundisha watoto wetu hapa Buyenzi, Bujumbura. Nyumbani wanaongea Kiswahili, shuleni wanakuta Kirundi na Kifaransa. Vitabu vya Kiswahili ni vichache, basi wengine walitaka vifungiwe kabatini visichanike. Dada yetu wa maktaba akakataa kabisa. Mbona wenzetu wa Kavumu, kule Cankuzo, mwaka 2014 waliletewa Ideas Box, maktaba nzima ndani ya masanduku, vitabu pamoja na michezo, na watoto wakashika wenyewe?

Sasa bibi anasimulia, watoto wanaandika na kuchora, sisi tunashona kwa uzi. Kitabu kipya hicho! Ijumaa vyote vinakwenda nyumbani. Kikirudi na mafuta ya ndagala, sawa tu, kimesomwa. Mzazi usiyejua kusoma, mwambie mtoto akusomee kwa sauti.