Waya wa klachi na chanjo za Ileje

Barabara ya Ileje ndiyo iliyokuwa ikimaliza waya za klachi. Pale Mpemba barabara kuu inayotoka Dar es Salaam ilipita kwa lami ikielekea Tunduma, na hapo hapo ndipo ilipochepuka ile ya udongo ya kwenda Isongole na Itumba. Wakati huo sisi wa Mpemba tulihesabiwa Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe ulikuja kuzaliwa 2016. Leo kuna lami hadi Isongole, kilomita hamsini hivi. Zamani zile, mvua zikishika kuanzia Novemba, mwendesha pikipiki alipanda milima ile kwa gia namba moja na namba mbili, mkono wa kushoto haupumziki. Kila anapovuta klachi, waya unakunjwa mahali pale pale, karibu na kichwa chake kinachokaa kwenye mkono wa usukani. Nyuzi zake hukatika mmoja mmoja, na mwenye pikipiki hajui mpaka ubaki mmoja.

Nilikuwa kijana, najifunza ufundi kwa baba mdogo. Gereji yetu ilikuwa kivuli cha mti kando ya lami, na kazi kubwa ilikuwa malori ya Zambia. Pikipiki zilikuwa chache, karibu zote za serikali: za mabwana shamba, za mabwana afya. Tuliyoizoea ni Honda CG 125, ambayo Honda walianza kuiuza 1976 wakiwa wameiundia nchi kama zetu. Vali zake husukumwa na vijiti badala ya mnyororo, ili istahimili oili chafu na matunzo ya kubahatisha. Injini ile ilikuwa haifi. Waya wake ulikufa kama waya wowote.

Ninachotaka kukisimulia kilitokea 1983. Nchi ilikuwa bado haijapumua tangu vita vya Kagera, fedha za kigeni hakuna, maduka matupu. Mwezi Machi mwaka ule serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanza msako wa wahujumu uchumi. Katika mji wa mpakani kama Tunduma uliweza kuisikia hofu. Watu waliokuwa wakivusha vitu kutoka Nakonde, upande wa Zambia, waliacha, na waliokuwa navyo walivificha au kuvitupa. Sabuni ilipotea, betri za tochi zikapotea, na spea za pikipiki ndizo hazikuonekana kabisa. Hata mtu aliyekuwa na waya mpya wa klachi ndani asingethubutu kukwambia.

Katika hali hiyo akaingia bwana afya mmoja akitokea upande wa Mbeya, amebeba sanduku la chanjo nyuma ya pikipiki. Waya ulikuwa umemkatikia njiani. Alikuwa mwendeshaji hodari, maana pikipiki isiyo na klachi inakwenda: unaisukuma, unarukia, unachomeka gia ya kwanza, halafu unabadilisha nyingine kwa kusikiliza resi ya injini. Barabarani kwenye lami hilo linawezekana. Kwenye matope ya Ileje, mtu anayetakiwa kusimama kila kijiji, haliwezekani.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba mdogo. "Barafu hii haitanisubiri."

Ndani ya sanduku kulikuwa na chanjo za surua na za polio, na zote huharibika zikipata joto. Vijana wa leo hawaijui surua kama tulivyoijua sisi. Ilikuwa inapita kijijini na kuacha makaburi madogo. Baba mdogo hakusema kitu kuhusu bei. Alilaza spana chini na kuanza kufungua tangi.

Kabla ya kuuchomoa waya alifunga uzi mrefu wa katani kwenye ncha ya chini, ili unapotoka uache uzi njiani na kuonyesha ulikopita. Kisha akaukagua. Waya wa ndani ulikuwa mzima isipokuwa vidole vinne vya juu vilivyofumuka. Akavikata. Ila waya wa ndani ukifupishwa, ganda lake nalo lazima lifupishwe kwa kiasi hicho hicho, la sivyo klachi haitavutika. Akalikata kwa msumeno wa chuma na kuusugua mdomo wake kwa tupa hadi ukawa laini, kwa sababu ukingo mkali ungeanza kula nyuzi siku ile ile.

Kichwa cha zamani tulikichoma mpaka kipande cha waya kilichobaki kikatoka. Lehemu tuliipata kwenye rejeta ya lori iliyokufa, na badala ya dawa ya kulehemia tukatumia utomvu wa msonobari. Baba mdogo alipitisha waya kichwani, akazifungua nyuzi ncha zake zikatandaa pande zote, kisha ndipo nikamimina. Kwa namna ile, hata lehemu ikilegea, waya hauwezi kurudi ndani ya tundu. Baadaye tuliuning'iniza na kudondoshea oili kwa faneli ya karatasi mpaka ikatokea chini.

Kazi yenyewe hasa ilikuwa haijaanza. Waya sasa ulikuwa mfupi, na haukuitosha njia ya kiwandani. Mkono wa klachi uko kushoto. Kwenye CG injini inapokea waya upande wa kulia. Kwa hiyo lazima uvuke mbele ya shingo ya usukani, ushuke kulia, na huko kulia ndiko ekzosi inakoshukia. Ukiusogeza kwenye ekzosi, ganda linayeyuka. Ukiuvuta mbali, haufiki.

"Usiangalie waya, mwanangu," alisema. "Angalia usukani unazungukia wapi."

Alikuwa na maana kwamba kadiri waya unavyopita karibu na shingo, ndivyo usukani ukigeuka unavyopunguza kuuvuta. Akaondoa duara pana lililokuwa likipita karibu na taa, akaubana waya nyuma ya taa hiyo, karibu na shingo kabisa, akaushusha kwa mkunjo mpana kupitia ndani ya fremu na kuufunga kwa ukanda wa tyubu mbali na silinda. Aliacha mkono uwe na mchezo wa upana wa kidole. Usipoacha mchezo, pleti za klachi haziumani na zinaungua. Ukizidisha, gia zinalia.

Tukaiweka kwenye stendi ya kati, injini ikiwaka, gia ya kwanza imeingia, klachi imevutwa. Akageuza usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia hadi mwisho. Nami nilishika tairi la nyuma. Halikuvuta.

Bwana afya akaondoka barafu ikiwa bado imeganda. Alirudi kupitia Mpemba akiwa na matope hadi kifuani, akasema amechanja hadi karibu na Isongole. Waya ule ulivuka mvua zile zote.

Mwaka 1984 Waziri wa Fedha Cleopa Msuya aliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na taratibu spea zikaanza kuonekana tena. Bwana afya alipoleta waya mpya tuliurudisha kwenye njia ya kiwandani. Ule wa lehemu ulifungwa kwenye pikipiki ya bwana shamba mmoja wa Itumba, kwa njia ile ile fupi, na nilipohama Mpemba alikuwa bado anautumia.