Jembe Mikononi mwa Mtoto

Linapotajwa neno utamaduni, wengi wetu hukumbuka kwanza ngoma, mavazi, ushairi na hadithi za kale. Hayo yote ni ya kweli, wala sina nia ya kuyapunguza. Lakini jembe nalo ni chombo cha utamaduni, na namna watu wanavyolitia katika ardhi ni elimu waliyorithishana sawa na walivyorithishana nyimbo. Jambo hili sikulipata vitabuni. Nilifundishwa na bibi mmoja wa Kimatengo, mbele ya watoto wa darasa la kwanza, baada ya mimi kulipoteza shamba zima la shule.

Nimezaliwa katika bonde la Rufiji. Kwetu udongo huja wenyewe. Mto ukifurika huacha tope jeusi, na maji yakisha kupungua watu hupanda mahindi ya mlau katika unyevu uliobaki. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba udongo ni kitu kinacholetwa. Haikunipitikia hata siku moja kuwa ukiletwa kwetu, lazima umewatoka watu wengine.

Mwezi wa Novemba 1974, TANU iliamua huko Musoma kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe amepata nafasi. Madarasa yakajaa, walimu wakahitajika kwa haraka, nami nikawa miongoni mwa vijana waliosambazwa vijijini. Januari 1978 nilijikuta katika milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, nchi ambayo mtu akisimama mlangoni kwake huliona paa la jirani chini ya miguu yake. Nilipewa darasa la kwanza, na juu ya hilo nikapewa shamba la shule. Nilikuwa mgeni, na hakuna mwalimu mwingine aliyelitaka.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea, alioutoa Mwalimu Nyerere Machi 1967, nilikuwa nimeusoma chuoni na kuufanyia mtihani. Ndani yake shamba la shule ni sehemu ya masomo yenyewe: wanafunzi washiriki kupanga kazi, waifanye, wayafaidi matunda yake, na wakizembea waione hasara. Mtihani nilifaulu. Lakini nilipokabidhiwa shamba nilifanya kama nilivyofanyiwa mimi nilipokuwa mdogo. Kipindi cha E.K. kilikuwa cha mwisho, watoto wakiwa wamechoka na wana njaa. Aliyechelewa paredi alipewa matuta mawili. Aliyepiga kelele darasani alipewa matatu. Mavuno yaliuzwa, na sehemu yake ililiwa na walimu. Mimi mwenyewe niliyala maharage yale, tena nikayasifu. Mtoto aliyeyalima hakuyaonja.

Novemba 1978 niliamuru matuta mapya. Niliyataka yanyooke, yaanzie juu ya mlima hadi chini karibu na kijito, ili mkaguzi akipita barabarani ayaone kama mistari ya daftari. Wanakijiji waliopita walisimama, wakatazama, wakaenda zao bila ya kusema neno. Nilidhani wanastaajabia kazi nzuri. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba waliona haya kumrekebisha mwalimu mbele ya wanafunzi wake.

Mwezi wa Januari ikanyesha mvua ya usiku kucha. Asubuhi, kabla hatujaanza mchakamchaka, msichana mmoja wa darasa langu, mdogo kuliko wenzake wote, alinijia na kusema, "Mwalimu, shamba limekwenda mtoni." Wenzake walicheka. Tulipofika tulikuta kila mfereji kati ya matuta umegeuka korongo. Mahindi yalikuwa yamelala na mizizi juu, na kijito kilikuwa chekundu. Miongoni mwa watoto hakuna aliyesikitika. Baadhi yao walifurahi waziwazi, maana adhabu yao ilikuwa imechukuliwa na maji. Jambo hili lilinichoma kuliko kupotea kwa mahindi.

Siku chache baadaye bibi yake msichana yule alikuja shuleni. Nilimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu," kisha akakaa kimya kwa muda mrefu akilitazama lile shamba. Hatimaye akaniuliza, "Huyu mjukuu wangu nyumbani hulima hana kinyongo. Akitoka huku jioni, jembe hataki hata kulishika. Mmemfanya nini?" Sikuwa na jibu. Nikamwomba anifundishe. Alicheka, akasema kwanza ningoje nyasi zikomae.

Nyasi zilikomaa mwezi wa Machi, naye akarudi na wazee wengine wawili. Hapo ndipo nilipoiona ngolo ikitengenezwa tangu mwanzo. Nyasi hukatwa kwa nyengo, zikaachwa zikauke kidogo, kisha hupangwa juu ya ardhi katika mistari inayokatana, hata mteremko mzima ukawa kama wavu uliotandazwa. Katikati ya kila mraba huchimbwa shimo, na udongo wake hutupwa juu ya nyasi pande zote nne. Zinapatikana kingo nne zenye nyasi ndani yake, na shimo katikati. Maharage hupandwa juu ya kingo. Mvua ikinyesha, maji hayapati njia ya kuteremka. Huingia shimoni, hutulia, huzama polepole, na udongo uliomomonyoka hubaki mlemle. Nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mbolea. Maharage yakisha kuvunwa, kingo zilezile hungoja mahindi ya mvua za mwisho wa mwaka. Ngolo zikichimbwa upya, mashimo huhamishwa, na pale palipokuwa na shimo hupata kuwa ukingo. Inasimuliwa kwamba Wamatengo waliishika sana kazi hii walipobanwa milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, ambapo watu wengi walilazimika kuishi kwa ardhi chache yenye mteremko mkali. Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda Mbinga kuichunguza. Ni vizuri walikwenda. Ila bibi yule angeweza kuwaeleza yote kwa asubuhi moja.

Kwa desturi wanaume hukata na kupanga nyasi, na wanawake huchimba. Sisi hatukugawa hivyo. Wavulana walichimba na wasichana walikata. Baba mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe anafanywa mwanamke. Bibi alimjibu kwa Kimatengo, maneno ambayo hakuna aliyekubali kunitafsiria, na mzee yule hakurudi tena.

Nilifuta adhabu ya shamba. Kila watoto wawili nikawapa ngolo yao, ndogo kwa kimo chao, na kipindi nikakihamishia asubuhi. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo naliona kuwa ndilo somo bora nililopata kulifundisha. Tulibakiza kipande cha matuta yangu ya zamani. Mtoto mmoja alimwaga debe la maji juu ya tuta, mwenzake akiwa chini na karai kuyakinga. Karai lilijaa maji mekundu, na tulipoyaacha yatulie, udongo ulikaa chini unene wa kidole. Debe la pili tukalimwaga juu ya ngolo. Watoto walichuchumaa na karai lao wakingoja. Wakangoja. Hakikuja kitu. Mvulana mmoja alipanda kuchungulia shimoni kama kwamba maji yameibwa. Nikawauliza yamekwenda wapi, na kwa nusu saa nzima walibishana wao kwa wao bila ya kunitazama mimi. Siku hizi tunayo maneno makubwa, kama vile uhifadhi wa mazingira na mabadiliko ya tabianchi, nayo hayana budi kufundishwa. Hata hivyo mtoto wa miaka saba hawezi kuyashika mkononi. Karai lenye udongo analishika, na akiambiwa kwamba ule ndio uji wake wa mwakani, anaelewa.

Hesabu nazo zilihamia shambani: ngolo 16, kila moja kingo 4, kila ukingo mashimo kadhaa ya mbegu. Mwezi wa Julai tulivuna, tukayapika maharage palepale shuleni, na kila mmoja alikula ya ngolo yake, ingawa sufuria lilikuwa moja na hakuna aliyeweza kuyatambua.

Sitaki msomaji adhani kwamba yote yalikwenda vyema. Walimu wenzangu waliokosa maharage walininunia. Watoto wengine walitegea, wakapata kidogo, wakalia. Nilipohamishwa mwaka 1983, mwalimu aliyenifuata alirudisha adhabu ya matuta, nami simlaumu sana, maana na yeye alifanya alivyofanyiwa. Nadhani hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtoto huurithi utunzaji wa ardhi kwa njia ileile anayorithi chuki ya ardhi, na mwalimu anaweza kumkabidhi chochote kati ya viwili hivyo bila ya kutamka neno.

Mwaka 2011 nilipata safari ya kwenda Mbinga. Shamba la shule lilikuwa limekwisha kujengwa nyumba. Mama mmoja muuza maharage sokoni alinitazama kwa muda, akaniamkia, akaniuliza kama ninakumbuka siku shamba lilipokwenda mtoni. Alikuwa yeye. Bibi yake alikwisha kufariki zamani. Alinipeleka kwake nikaone ngolo zake, na tulikuta mwanawe wa mwisho, mtoto wa miaka sita hivi, akipanga nyasi katika kipande chake pembeni, ulimi nje kwa bidii. Niliinama kuangalia. Mtoto aliacha kazi, akautazama mguu wangu, kisha akanitazama usoni.

"Shikamoo, babu," akasema. "Umekanyaga ukingo."