Kifuniko cha Injini na Ganda la Korosho

Ukisimama stendi ya Masasi asubuhi utaziona bodaboda zimepangana, na matangi mengi ya mafuta yamevikwa stika nyeusi yenye mistari inayopishana kama ukili wa mkeka. Vijana huiita kaboni. Stika hiyohiyo utaikuta Newala, kwenye boneti ya gari dogo lililoupanda mlima kwa taabu. Ni pambo tu, plastiki nyembamba iliyochapwa picha. Haipunguzi uzito wala haiongezi nguvu. Lakini kila picha ni picha ya kitu, na hicho kitu chenyewe kina uhusiano na nyumbani kwenu kuliko unavyodhani.

Kemia unaisoma kwa Kiingereza, na mtihani utaujibu kwa Kiingereza. Hapa nakueleza kwa Kiswahili makusudi. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona wanafunzi wengi wakikariri neno polima bila kujua kwamba wamekuwa wakilishika mkononi tangu utotoni.

Gari la mbio linahitaji uzito mdogo. Gramu unazoondoa kwenye bodi ni gramu ambazo injini haitazibeba. Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua au cha kawaida ina uzito wa karibu gramu 7.8, ya alumini gramu 2.7, na ya kaboni iliyoshikanishwa kwa gundi yake karibu gramu 1.6 tu. Mwaka 1981 timu ya McLaren ya Uingereza iliingia kwenye mashindano ya Formula 1 na gari la MP4/1, lililobuniwa na John Barnard, ambalo kiunzi chake kilitengenezwa kwa nyuzi za kaboni. Wengi walidhani litavunjika kama sahani. Mwezi Septemba mwaka huohuo, huko Monza nchini Italia, dereva John Watson aliligonga vibaya kiasi kwamba injini iling'oka na kubaki nyuma. Yeye akatoka kwa miguu yake. Tangu hapo mabishano yalipungua.

Je, sehemu kama hiyo hutengenezwaje? Fundi huanza na mfano wa umbo analolitaka, wa mti, udongo au sponji ngumu. Huusugua kwa msasa mpaka ung'ae, huupaka nta ili kitu kisinate, kisha juu yake hutengeneza kalibu. Ndani ya kalibu hutandika kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za kaboni, ambazo kila mmoja ni mwembamba kuliko unywele wako mara kumi hivi. Kitambaa hulowanishwa kwa epoksi iliyochanganywa na kigumishi. Tabaka la pili hufuata, na la tatu, kila moja likielekezwa upande wake. Baadaye hufunikwa kwa plastiki, hewa hufyonzwa yote, na kazi huingizwa kwenye tanuri. Viwanda vikubwa hutumia tanuri lenye shinikizo. Ikitoka, ule ufumaji unaouona kwenye stika ya bodaboda unauona sasa ndani ya kitu chenyewe.

Hapa pana jambo ambalo mtihani hupenda kuliuliza. Nyuzi peke yake hazisimami, ni kama kamba ya katani. Epoksi peke yake hukatika kama biskuti. Zikiungana, nyuzi hubeba mvuto na epoksi huzishika zisihame. Babu zetu wa uwanda huu walijenga kwa fito na udongo kwa hesabu hiyohiyo.

Kifuniko angavu cha injini, kile kinachomwezesha mtu kuiona injini bila kufungua kitu, ni kazi nyingine kabisa. Hakuna nyuzi humo. Bapa la plastiki hupashwa moto hadi lilegee kama donge la chapati, hulazwa juu ya kalibu, kisha huachwa lipoe likiwa limeshika umbo. Ugumu uko kwenye kuchagua plastiki. Akriliki hung'aa vizuri lakini huanza kulegea karibu na nyuzi joto 100. Polikaboneti huvumilia hadi karibu 140, ila huchubuka upesi. Ferrari F40 ya mwaka 1987, ambayo injini yake iko nyuma ya dereva, ilifunikwa kwa plastiki angavu iliyokatwa matundu marefu ya kutolea joto. Watu huyasifu matundu yale kwa urembo. Bila hayo joto lisingekuwa na pa kutokea.

Sasa turudi Masasi. Nenda kwenye gereji yoyote anapofanya kazi fundi bodi. Mtazame anavyochota puti kwenye kopo, anavyokamulia hadina kidogo pembeni, anavyokoroga haraka na kuipaka kwenye boneti iliyobonyea. Ukimwomba uguse kibao chake cha kuchanganyia utakikuta kina joto, ingawa hakuna aliyewasha moto. Molekuli zinashikana mikono, na kushikana huko kunatoa joto. Hiyo ni polima inazaliwa mbele yako, kando ya barabara. Fundi anajua kwamba hadina ikizidi puti itaganda kabla hajamaliza, na ikipungua itabaki laini hadi kesho. Wewe unaita jambo hilo kasi ya mmenyuko. Nadhani yeye anastahili alama zote za swali hilo.

Na kuhusu umbo, uwanda wa Makonde hauna haja ya kufundishwa na mtu. Wachongaji wa barakoa za mapiko huchukua mti mwepesi na kuuchimba mpaka ukuta wake unakuwa mwembamba, mtu auvae kichwani na kucheza nao ngoma. Mkono unaoweza hivyo unaweza kuchonga mfano wa kifuniko chochote cha injini.

Kinachobaki ni resini, na hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Nikiwa mdogo, Newala, mama yangu alibangua korosho kwa mkono. Alizichoma kwenye debe lililotobolewa, moshi ukituwasha macho, na mara kwa mara debe zima liliwaka moto kwa sababu ya mafuta yaliyomo kwenye ganda. Alipaka majivu viganjani kabla ya kuanza. Hata hivyo vidole vyake vilikuwa na mabaka meusi, ngozi imechubuka, na wakati wa harusi hina haikushika vizuri pale. Sisi watoto tuliyaita mafuta yale sumu. Niliyafahamu kwa jina lingine nilipofika chuo kikuu.

Ndani ya ganda la korosho mna vishimo vidogo kama sega la nyuki, na vishimo hivyo vimejaa kimiminika kinene. Sehemu yake kubwa ni asidi ya anakadi. Ukiipasha moto inatoa kabonidayoksaidi na kubaki kadanoli. Kadanoli ni ndugu wa fenoli, ila ana mkia mrefu wa kaboni 15. Ikiunganishwa na fomaldehaidi hutoa resini inayovumilia joto, na ndiyo maana unga wa resini hiyo huwekwa kwenye pedi za breki za magari duniani kote. Kutokana na kadanoli hutengenezwa pia vigumishi vya epoksi, vya aina inayotumika kwenye rangi za meli na kwenye kazi za nyuzi kama zile nilizokueleza. Kwa hiyo kile kilichomchoma mama vidole ni mali ghafi ya kiwanda.

Chukua kalamu. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho, sehemu kubwa kutoka mikoa yetu ya kusini. Chukulia ganda ni asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na robo ya uzito wa ganda ni mafuta. Utapata karibu tani 54,800 za mafuta kwa msimu mmoja. Korosho zetu nyingi husafirishwa zikiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam. Huko hubanguliwa, maganda hukamuliwa, na mafuta huuzwa kwa wenye viwanda. Sisi hulipwa kwa kilo ya korosho ghafi, na kila msimu tunabishana juu ya bei hiyo peke yake.

Usidhani hakuna aliyejaribu. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangulia, Masasi na Newala vikiwamo, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mitambo ilitoka nje, vipuri vilitoka nje, uzalishaji wa korosho ukaporomoka, na kufikia miaka ya 1980 vingi vilikuwa vimesimama. Baadhi ya majengo yaligeuka maghala.

Yupo kijana niliyemfundisha hadi kidato cha nne ambaye sasa yuko gereji moja mjini Masasi. Zamani kava la pembeni la pikipiki likipasuka alilishona kwa waya. Siku hizi analitengeneza upya kwa fiba ya kioo, maana kaboni hana uwezo nayo. Huchukua kava zima, hulipaka nta ya sakafu, hutandika fiba juu yake apate kalibu, kisha ndani ya kalibu hiyo hutoa makava mengine. La kwanza lilikuwa zito na lenye mapovu. La tano ningelinunua mwenyewe. Resini yake huja kwa basi kutoka Dar es Salaam, ikiwa imetoka nje ya nchi, na ikichelewa kazi inalala.

Nilipomsimulia habari ya kadanoli aliacha msasa chini.

"Mwalimu, si nikachemshe maganda hapa hapa?"

Nilimkataza, na wewe nakukataza. Mafuta yale huunguza ngozi, moshi wake huumiza mapafu, na fomaldehaidi si kitu cha kuchezea kwenye gereji isiyo na madirisha. Kazi hiyo inataka kiwanda chenye mitambo ya kuvuta hewa na mtu aliyesomea.

"Sasa huyo aliyesomea atatoka wapi?"

Nilimtajia masomo matatu ya kidato cha tano na jina la kozi. Akaandika nyuma ya boksi la msasa, kwa sababu ana mdogo wake yuko kidato cha tatu Newala, kisha akarudi kazini. Alikuwa na makava sita ya bodaboda ya kumaliza kabla ya Jumamosi, na kopo la resini lilikuwa limebaki robo.