Kilo Saba

Mizani ya uwanja wa ndege haikunionea haya. Nilikuwa safarini kwenda Marekani kufundisha Kiswahili, na mkoba wangu wa mkononi ulikuwa na kilo 11. Shirika lile liliruhusu 7. Urefu na upana niliupima nyumbani kwa rula, uzito niliusahau. Ndani mlikuwa na kamusi mbili na madaftari ya marehemu babu, yenye mashairi ambayo hayajapigwa chapa.

“Dada, utie kwenye shehena ama ulipie,” karani akasema.

Shehena hupotea, na madaftari hayana nakala. Kamusi nikamwachia kaka aliyenisindikiza. Bado kilo 8! Nikavaa makoti mawili, madaftari mifukoni, nikapita nikitiririkwa na jasho. Mimi mwenyewe, ajabu, sikupimwa.